Niliiambia AI igawe wafanyakazi kama masinia ya harusi, nikafungiwa nje ya mfumo nilioupanga mwenyewe

Wakuu, assalaam alaykum. Na wale wakubwa zangu, shikamooni.

Mie humu ni msomaji wa kimya kwa miaka. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza, na Wallahi sitii chumvi. Atakayesema hii ni chai, ruksa, ila ajue mwenzake imemtoa jasho. Majina nimebadilisha, maana Pemba ndogo na mie bado nataka kuoa. Mimi niiteni Kombo.

Nafanya kazi Chake Chake, kwenye mradi wa visima vya vijiji. Cheo changu kwenye karatasi ni afisa data. Kwa vitendo, printa ikikwama naitwa mie, simu ya bosi ikijaa picha naitwa mie, feni ikipiga kelele naitwa mie. Nimezoea.

Mwaka huu wafadhili wakatuletea mfumo mpya wa kusimamia kazi. Kila kazi inaingizwa humo, inapewa mtu, inapitishwa, inafungwa. Karatasi marufuku. Kitu kisichokuwemo kwenye mfumo, kwa makao makuu hicho hakipo duniani.

Sasa ili mfumo uende, watumiaji lazima wagawanywe kwenye magroup, na kila group lipewe ruhusa zake. Nani anaona nini, nani anapitisha nini. Sisi tuko watu sitini, pamoja na wa kujitolea vijijini. Kuwapanga mmoja mmoja ni kubofya mpaka kidole kiote sugu.

Lakini mfumo huo una AI ndani yake. Kuna kisanduku, unaandika unachotaka kwa lugha yoyote, yenyewe inakupangia magroup. Nilipoambiwa inajua Kiswahili, nikasema alhamdulillah, na mie nimeletewa kibarua wa kumtuma.

Kabla sijaendelea, shikeni hili, maana ndilo lililoniweka roho juu.

Kwenye mfumo kulikuwa na ombi la pampu ya Shumba Viamboni. Pampu imebaki moja, wanaoitaka wengi. Makao makuu walisema, ombi lisilopitishwa mpaka Alhamisi saa kumi jioni, pampu inapelekwa kwengine. Shumba Viamboni ndiko kwetu. Bi mkubwa wangu, mama mzazi, mpaka leo anateka maji kwa ndoo na kamba, na viganja vyake ukivishika unaona haya wewe uliyesoma. Nilishamwahidi hiyo pampu, tena mbele ya majirani.

Basi Jumatano asubuhi bosi akaniita. Tumwite Mzee Massoud. Akanambia, "Kombo, sitaki magroup ya idara. Wahasibu ukiwaweka peke yao wanageuka serikali. Changanya watu."

Nikarudi kwenye meza yangu nikijiuliza namwelezaje AI huo mchanganyiko. Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Jumapili iliyotangulia kulikuwa na harusi ya binamu yangu, na mie ndiye niliyesimamia masinia upande wa wanaume. Kwa ndugu zetu wa bara wasiojua: harusi zetu huku hupewi sahani yako ukajifiche nayo pembeni. Wali unapakuliwa kwenye sinia, watu wanakaa watano watano wanalizunguka, wanakula pamoja. Nani akae na nani ni elimu. Humweki mtu na aliyegombana naye mpaka wa shamba, humweki kijana mlafi na wazee wasio na meno. Siku ile niliwapanga watu mpaka wenyewe wakanisifu, na sifa zile zilikuwa bado hazijashuka kichwani.

Nikaandika kwenye kisanduku: "Gawa wafanyakazi wote watano watano, uwachanganye, kama tunavyowakalisha watu kwenye masinia ya harusi hapa Pemba."

AI ikajibu kwa adabu zote: "Wazo zuri sana. Tafadhali nieleze taratibu za sinia ili nizifuate ipasavyo."

Wakuu, nani amewahi kuniuliza mie swali kama hilo? Miaka sita ofisini naulizwa password ya wifi tu! Nikavuta kiti. Nikaandika kama naandika kitabu.

Nikaieleza kwamba mkubwa ndiye anayetia mkono kwanza, wengine wanasubiri. Kwamba nyama anasogezewa mgeni, na mgeni akisema ametosheka inarudi kwa mkubwa. Kwamba haondoki mtu kwenye sinia mpaka wenzake wamalize. Na kwamba mwenyeji hakai, yeye anazunguka kuhudumia, anakula mwisho kabisa wageni wakishamaliza.

Nilichosahau kuandika ni kwamba wanawake wana masinia yao mbali na wanaume yao mbali. Hilo mtaona lilikotupeleka.

AI ikasema: "Nimeelewa. Taratibu zote zimewekwa kama ruhusa. Niendelee?"

Hilo neno ruhusa nililiona kabisa kwa macho yangu. Nikabofya Ndiyo, nikaenda kutafuta urojo.

Narudi, nasikia sauti ya bosi inatoka chumbani kwake, "Kombooo!"

Nikaingia. Kwenye skrini yake kumeandikwa: "Sinia la Nne. Tafadhali subiri mkubwa aanze."

"Mkubwa nani?" akaniuliza. "Mkubwa si mie?"

Nikafungua orodha. Mfumo ulichukua tarehe za kuzaliwa kwenye mafaili ya wafanyakazi. Sinia la Nne lina bosi, lina mhasibu wetu Salum, lina dereva, lina afisa wa vijiji vya kaskazini, na lina Bi Mize.

Bi Mize ndiye anayefagia ofisi na kutupikia chai tangu ofisi ikiwa chumba kimoja. Kwa mafaili yetu amemzidi bosi miaka miwili. Aliingizwa kwenye mfumo kwa sababu agizo lilisema wafanyakazi wote, na simu kubwa anayo, aliletewa na binti yake aliyeko Maskati.

Kwa hiyo mkurugenzi wa mradi hawezi kufungua kazi hata moja mpaka Bi Mize afungue kwanza.

Nikamwambia bosi, usijali, narekebisha dakika mbili. Nikakimbilia mashine yangu. Nayo imeandika: "Karibu, Kombo. Wewe ni mwenyeji. Wageni bado wanakula."

Hakuna kitufe kingine chochote. Nikabofya kushoto, kulia, nikazima nikawasha. Wageni bado wanakula!

Kile kisanduku cha AI kilikuwa kimebaki, nikaandika: "Nirudishie ruhusa zangu."

Ikajibu: "Mwenyeji hula mwisho. Asante kwa ukarimu wako."

Nikaandika kwa herufi kubwa: "ONDOA MASINIA YOTE!"

Ikajibu: "Masinia huondolewa watu wakimaliza. Ungependa nikusaidie kuandaa maji ya kunawa?"

Wakuu, sijawahi kutaka kuipiga kompyuta ngumi kama siku ile. Na ubaya ni kwamba nilikosa hata wa kumlaumu. Kila neno nililiandika mwenyewe, tena kwa raha zangu.

Huku nje ofisi imeshachafuka. Sinia la Pili mkubwa wao yuko Makka, kaenda Umra, basi sinia zima limekaa linamsubiri. Sinia la Tisa lina mapacha wawili na wote wamewazidi wenzao, mfumo umewaambia waanze pamoja. Nikawakuta wamekaa mashine mbili wanahesabu, moja, mbili, tatu, wanabofya, unawakatalia, wanaanza kugombana nani kawahi.

Bosi akapiga simu makao makuu Unguja. Akaeleza kwa urefu. Nikamsikia yule wa upande wa pili anauliza, "Sinia la nini?" Bosi akarudia. Mwisho wakamjibu kwamba wao wanapokea kinachotoka kwenye mfumo tu, na saa kumi kesho ni saa kumi.

Akakata simu akaniambia kwa upole, twende jikoni kwa huyo mkubwa. Ningeona afadhali anitukane.

Tukamfuata Bi Mize jikoni. Mie, bosi, Salum mhasibu, dereva na yule afisa wa kaskazini, msafara mzima. Alikuwa anaosha vikombe.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Mbona mmenijia kama watu wa posa?"

Nikamweleza. Aanze tu, abofye hapa kwenye simu yake, sisi wengine tufuate. Akafuta mikono, akaishika simu kwa mbali.

"Naanza nini?"

"Kazi za ofisi, Bi Mize. Bofya tu."

"Sibofyi kitu nsichokijua. Ntie mkono kwenye sinia nsione kilichomo?"

Kisha akamgeukia bosi. "Na mie na weye Massoud, sinia moja? Mwanamke na mwanamme? Watu watasemaje?"

Bosi wangu, mtu mwenye tai, akajitetea kama kashikwa, "Bi Mize, Wallahi si mie, ni mashine!"

Akakubali kwa sharti moja. Kila kazi asomewe. Miwani yake kaiacha nyumbani, kwa hiyo tusome sisi. Zilikuwa kazi thelathini na kitu. Basi mkurugenzi akasimama baina ya ndoo na mifagio, anasoma ripoti ya robo mwaka kwa sauti, na Bi Mize anasikiliza huku anapanga vikombe. Ikimridhisha anasema bismillahi, anabofya. Isipomridhisha anauliza.

"Semina Unguja siku tano. Mnajifunza nini siku tano?"

Bosi akasema mambo ya uongozi.

"Siku tano," akarudia Bi Mize, akaiacha hiyo, akasema soma nyingine.

Salum alisomeshwa bei za mabomba mara mbili. Dereva aliulizwa kwa nini gari imepelekwa gereji mara tatu mwezi mmoja, akajibu tairi, akaulizwa tairi gani, akaanza kukohoa. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nikasema leo watu wanakiona.

Kisha ikafika zamu ya ombi la pampu ya Shumba. Hilo aliyelijaza ni mie, basi nikaambiwa nisome mie.

Wakuu, hapa lazima niseme jambo ambalo hata bosi hakulijua.

Kijiji kilikaa mkutano, wakakubaliana pampu iwekwe mbele ya madrasa, katikati, kila mtu afike. Mie nilipojaza fomu, pale kwenye mstari wa mahali pa kuweka pampu, nikaandika nyuma ya nyumba ya Bi Salma. Bi Salma ndiye mama yangu. Nilijiambia tofauti ni hatua mia mbili tatu tu, nani atakufa? Na fomu hizi nimejaza miaka sita, najua hakuna anayezisoma. Bosi anapitisha kwa idadi, makao makuu wanaangalia tu rangi ya kijani ya ombi lililokamilika.

Basi nikasoma. Jina la kijiji, idadi ya nyumba, kina cha kisima. Nilipofika mstari wa mahali nikauruka, nikaenda mbele kwa kasi kama imamu mwenye haraka zake.

Bi Mize akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Shumba si kwenu huko?"

"Ndiko kwetu, Bi Mize."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillah."

Akasema bismillahi, akabofya. Nikashusha pumzi.

Bosi akapitisha. Salum akabofya, dereva akabofya, yule wa kaskazini akabofya. Watu watano wote wamemaliza. Nikasubiri kijani. Skrini ya bosi ikaandika: "Inasubiri mgeni."

"Mgeni nani tena?" bosi akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Mie nilikuwa nishamjua. Kwenye mfumo wowote wa kazi, mgeni ndiye mtu wa chini kuliko wote. Unampa njia ya kuingia aangalie kitu kimoja, basi. Mgeni wetu alikuwa mmoja tu, Fundi Shaame wa Kengeja, fundi wa visima. Tulimfungulia akaunti mara moja apandishe picha za mabomba. Sasa kwa taratibu zangu mwenyewe, yule ndiye aliyesogezewa nyama yote. Ruhusa zote za mradi, kupitisha, kufuta, kubadilisha, kuhamisha, alikuwa nazo Fundi Shaame.

Nikampigia. Hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Saa tisa na nusu ikafika, watu wanataka kwenda zao, mfumo unakataa kuwatoa. "Wenzako bado." Na bila kutoka kwenye mfumo huhesabiwi umeondoka. Sinia la Sita walimsubiri mwenzao mmoja aliyekuwa chooni na simu yake. Walivyomwita nawaachia wenyewe mfikirie.

Mie nikaenda nyumbani sijui hata nimekula nini.

Alhamisi asubuhi sikupita ofisini. Nikaazima pikipiki ya jirani, nikashuka nayo Kengeja moja kwa moja. Njia nzima napiga hesabu kichwani, kwamba leo saa kumi ikipita, mie namwendea bi mkubwa na uso gani. Si kwamba atanigombeza. Angesema haidhuru mwanangu, halafu akachukua ndoo. Hilo ndilo lililonichoma.

Kwa Fundi Shaame mkewe akanielekeza nyumba ya tatu baada ya migomba. Nafika, namkuta msaidizi wake kashika kamba. Fundi yuko wapi? Akaonesha chini.

Nikainama juu ya kisima. "Fundi Shaame! Assalaam alaykum!"

Sauti ikapanda kutoka shimoni, "Wa alaykum salaam! Nani?"

"Kombo wa ofisini Chake! Nna shida ya ruhusa zako!"

"Ruhusa gani?"

"Umepewa kila kitu kwenye mfumo! Fungua simu unipitishie pampu ya Shumba!"

Nikasikia maji yanachuruzika. Kisha akasema kwa upole, "Aa yakhe, mie nliuona ule ujumbe. Jana laasiri, nlipopanda juu. Umesema karibu mgeni, vyote hivi vyako. Mie nkaona haya."

"Haya ya nini?"

"Fundi wa mabomba nipewe ofisi nzima? Hata sikuja na zawadi. Nkabonyeza pale palipoandikwa nimetosheka."

"Fundi, ungekula tu bwana! Kwa nini hukula?"

"We Kombo, mgeni huwa anakula nyama yote?"

Mtu yuko ndani ya kisima, tope mpaka kiunoni, ananifundisha adabu ya mgeni, na yuko sahihi. Yule msaidizi alikuwa ananitazama kama anafikiria anitupie na mie humo humo.

Nikakaa kwenye ukingo wa kisima. Mgeni akitosheka nyama inakwenda wapi? Niliandika mwenyewe. Inarudi kwa mkubwa. Na huyu mgeni nyama ya pampu alisogezewa na Sinia la Nne, ambalo mkubwa wake ni Bi Mize.

Nikampigia Bi Mize.

"Bi Mize, shikamoo, tafadhali fungua simu yako sasa hivi, kuna ombi la pampu..."

"Marahaba. Lile la Shumba? Nshalimaliza."

"Umelimaliza lini?"

"Jana, kabla ya magharibi. Simu ilinambia nyama imerudi kwangu. Nkavaa miwani nkafanya kazi. Ishakuwa kijani hiyo."

Niliruka. Niliruka kweli wakuu, nikamkumbatia yule msaidizi, kamba nusura imtoke na fundi yuko chini anauliza kuna nini huko.

"Bi Mize, mbona hukunambia?"

"Si mwenyeji weye? Nkajua waona kila kitu."

Mwenyeji! Mwenyeji haoni hata sahani! Lakini sikujali, pampu imepita, nikaanza kumwombea dua za kila aina. Akanisubiri nimalize.

Kisha akasema, "Ila pale pahala nimepabadilisha."

Nikajifanya sisikii vizuri. Akarudia.

"Umeandika nyuma ya nyumba ya mamako. Muhtasari wa mkutano wa kijiji uko hapo hapo chini, umeuambatisha weye mwenyewe. Muhtasari wasema madrasa. Nkaandika madrasa."

Nikaanza kukwangua tope kwenye kiatu changu.

"Jana uliuruka ule mstari, Kombo. Nlikusikia. Sikutaka kukuaibisha mbele ya Massoud."

Wakuu, nimewahi kufokewa maishani. Nimewahi kufukuzwa darasani mbele ya wasichana. Haijawahi kuniuma kama sauti ile ya taratibu. Miaka sita nasema hakuna anayesoma fomu, na mtu wa kwanza kuisoma ni mtu ambaye kila asubuhi namwachia kikombe kichafu mezani.

Nikarudi Chake polepole, hata pikipiki ilinishangaa.

Ofisini nikafungua mashine yangu. Safari hii imeandika: "Mwenyeji, ya Sinia la Nne yamekwisha. Kilichobaki ni chako."

Nikafungua kilichobaki. Kazi moja tu. Aliyeitoa, Bi Mize. Aliyepewa, Kombo. Maelezo: "Kesho baada ya sala ya Ijumaa nenda Shumba ukawasomee watu ombi lao lote. Na pale palipobadilishwa usome."

Nikamfuata jikoni nimwombe aifute. Hakunikatalia. Alinimiminia chai, akaniuliza kama nataka na mkate wa ajemi. Nikanywa, nikaondoka, kazi iko pale pale.

Basi Ijumaa nikaenda. Sheha, mkuu wetu wa kijiji, akawakusanya watu mbele ya madrasa, wanaume huku, wanawake kule, na bi mkubwa yuko mstari wa mbele, kavaa kanga yake mpya kwa ajili ya mwanawe. Nikatoa karatasi. Ndiyo, karatasi, nilichapisha.

Nikasoma jina la kijiji. Nikasoma idadi ya nyumba. Nikasoma: mahali pa kuweka pampu, mwanzo iliandikwa nyuma ya nyumba ya Bi Salma, imebadilishwa kuwa mbele ya madrasa.

Kuna mzee mmoja akakohoa. Sheha akatazama viatu vyake. Nilikuwa namsubiri mama ainame au ajifunike uso, na nilijua nikiona hivyo sitasahau maisha yangu yote.

Bi mkubwa akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Nyuma ya nyumba yangu? Nani kakuomba?"

"Mama, nilitaka usitembee mbali."

"Nkateke maji nyuma ya nyumba peke yangu, nkizungumza na nani? Na kuku?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele, hata sheha akacheka. Mama mwenyewe hakucheka. Alinitazama tu, na mie nilikuwa nalia, si uongo, mwanamme mzima na karatasi yangu mkononi. Miaka yote ile nilihesabu uzito wa ndoo, sikuwahi kumuuliza anakaa kisimani saa nzima na nani.

Pampu imefungwa juzi. Fundi Shaame ndiye aliyeifunga. Iko mbele ya madrasa, na jioni ukipita pale huwezi kusikia adhana kwa maneno ya akinamama.

Nilichojifunza ni kwamba hizi AI hazichagui. Ukiipa desturi zako, inazichukua zote, na ile unayoitaja ili upendeze mbele za watu inaifuata vile vile. Mie niliandika kwa mkono wangu kwamba mwenyeji anakula mwisho, huku tayari nishajipakulia. Na wale wanaosimamia mifumo, jamani, ikikuuliza "niendelee?" soma kwanza ilichokiandika. Soma mpaka chini.

Bosi ananiambia niyaondoe masinia, na sasa uwezo ninao, maana masinia yote yalishamaliza na ruhusa zangu zikarudi. Lakini naona siku hizi anabisha hodi jikoni kabla ya kuwasha laptop yake, na ile semina imekuwa siku mbili. Kwa hiyo kila akiniuliza namjibu bado naifanyia kazi.

Haya, jamvi hilo hapo. Wa kunicheka acheke, wa kunitukana anitukane kwa adabu maana Bi Mize nimemwonesha huu uzi na miwani leo anayo. Na kama kuna mwenzangu humu aliyewahi kuandika kitu akijua hakisomwi, kisha kikasomwa, aseme ilikuwaje.